Swali la Mgeni wa Jumanne

Vermont, Aprili 19

Mwanangu Maribeth,

Salamu kutoka kwenye matope. Theluji imeyeyuka, viatu vyangu vimekwisha, na yule paka wangu bado anang'ata watu. Baba yako ananiambia umeshanunua fulana yenye jina la chuo chetu. Nilicheka, halafu nikachukua kalamu.

Miaka kumi na tisa natembeza hapa chuoni vijana wanaotafuta pa kusoma. Wanauliza kuhusu chakula, vyumba, kama maji ya kuoga ni ya moto. Kuhusu mfuko wa akiba wa chuo hakuna anayeuliza. Jumanne binti mmoja akaniuliza, "Mama, akiba yenu itafika mpaka nimalize?" Mama yake akamfinya. Mimi nikawapeleka kuona maktaba.

Waliotuachia mfuko ule walitaka tule faida tu. Tumekula mpaka mtaji, kulipana mishahara, wangu ukiwemo. Mwakani tunafunga chuo. Tumeambiwa tutabasamu mpaka Mei mosi, siku ya mwisho ya wanafunzi wapya kulipia nafasi zao.

Usilipe, mwanangu. Nenda kule kwingine walikokukubali, na fulana hiyo ivae ukilala.

Anwani ya yule binti ninayo pia, iko mezani kwangu. Barua nimeandika hii moja tu.

Shangazi yako,
Nadine