Maji ya Zamu ya Watu

Jumatatu, 4 Machi

Jua kali tena. Miche yetu ya mpunga imeanza kuwa ya njano kwenye ncha, na zamu yetu ya maji ni Alhamisi! Nimemwambia mke wangu kwamba tukingoja mpaka siku hiyo tutavuna nyasi. Kasema, "Wote wanangoja, na sisi tungoje." Wote! Hapa bondeni kwao nalisikia neno hilo kuliko jina langu.

Mchana shemeji mwalimu, kaka wa mke wangu, kapita karakanani kwangu nikichomelea fremu ya dirisha. Ana nadharia yake. Eti aliyekulia kwenye mahindi hutazama shamba lake tu. Aliyekulia kwenye mpunga hutazama mfereji, maana maji yake yamepita kwa jirani kwanza. "Wewe shemeji una akili za mahindi." Tukacheka. Kweli, kwetu milimani mvua haina zamu. Ikikosa, unainunia mbingu, humnunii jirani.

Jumanne, 5 Machi

Nimefanya jambo la kijinga. Hapana — la aibu.

Alfajiri nimekwenda kwenye lango la mfereji. Mzee wa Lango, mlinzi wa maji ya zamu, alikuwa amekwenda kwake kunywa chai, kama kawaida yake. Lango lenyewe nililiunda mimi, kwa hiyo kulizungusha ni kama kufungua mlango wa chumbani kwangu. Kidogo tu, nilijiambia. Kisha nikasimama kwenye jaruba letu natazama maji yakiingia, miche inatikisika — nikafurahi kama mtoto! Nikajisahau.

Nilipokurupuka, tuta la chini lilikuwa limeshapasuka. Maji yote kwa Bi Kicheko, mjane wa watu, aliyemaliza kupandikiza jana. Miche yake inaelea kama nywele zilizonyolewa.

Nikafunga lango. Nikaondoka. Sikumwita mtu.

Jumatano, 6 Machi

Bonde zima leo kwa Bi Kicheko, kupandikiza upya. Kila nyumba imetoa miche. Nami nimo — suruali nimekunja, mgongo unawaka. Hakuna aliyeuliza ni nani. Wanasema, "Tumezembea." Sisi!

Lakini macho yalikuwa yakimwendea Mzee wa Lango. Mmoja kanong'ona kwamba uzee umemfika, siku hizi analala kazini. Mzee kasikia. Kaendelea kuchomeka miche. Nilikuwa kando yake kabisa.

Bi Kicheko kanipa mimi maji ya kunywa kabla ya wengine. "Mkwe wetu, pole, hujazoea kuinama."

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu kajua. Jaruba letu lilikuwa na maji kabla ya zamu — angekosaje kujua? Hakupiga kelele. Kauliza taratibu, "Tumefanya nini?"

"Si sisi, ni mimi. Nitakwenda kusema mwenyewe."

"Huku hakuna mwenyewe. Ukivuliwa nguo wewe, tumevuliwa wote."

Kaenda kwa baba yake. Nilisikia ukutani baba mkwe akikohoa. Alipotoka hakunitazama. Kasema tu kwamba maji yetu ya leo atapewa Bi Kicheko.

Chakula mama mkwe kanipakulia mimi kwanza, na nyama kubwa. Afadhali angenimwagia.

Jumamosi, 9 Machi

Mkutano ghalani, katikati ya magunia. Baba mkwe kavua kofia. Sijawahi kukiona kichwa chake kitupu! Kasema, "Nyumba yangu imewakosea." Basi. Jina langu hakulitaja.

Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo shemeji mwalimu kanitangulia: tumsamehe, jamani, mwenzetu amekulia kwenye mahindi. Watu wakaitikia — eh, kweli, hajui huyu. Wengine wakanitabasamia kwa huruma. Laiti wangenitukana!

Baba yangu alilima mahindi mpaka akafa, na hakuwahi kunyamaza mwenzake akisingiziwa. Hata mara moja. Ndicho kilichonichoma. Nikasema, mahindi hayana kosa. Zamu naijua. Na nilimsikia Mzee wa Lango akisemwa kwa jambo langu, nikainamia miche.

Hata Bi Kicheko hakucheka.

Mzee wa Lango hakuja.

Jumapili, 10 Machi

Mzee wa Lango hatoki ndani. Asubuhi watu wa mkutano walikwenda kumwambia ukweli, kawajibu bila kufungua mlango: mbona mlisadiki upesi? Basi labda nililala kweli. Tafuteni mwingine.

Halafu mwenyekiti wa mfereji kanijia karakana. Nilidhani ni faini, nikashukuru moyoni. Kumbe! Anataka nilishike lango mimi. Eti nalijua, na sasa nina uchungu nalo. Nimemwambia siwezi, nitakufa kwa aibu. Kajibu, "Aibu yako hainyweshi mpunga. Maji yatasimamiwa na nani kesho?"

Nimemweleza baba mkwe. Kavaa shati lake la kutokea. Kasema tunakwenda kwa Mzee, tukae mlangoni mpaka afungue. Tunakwenda! Mke wangu keshavaa viatu. Mama mkwe naye, na mguu wake ule mbovu, yuko uani na fimbo. Shemeji mwalimu kaja pia, kimya safari hii.

Nimeingia chumbani eti kutafuta mkanda. Naandika nimesimama. Wananingoja — na sijui, njiani, nitangulie mbele yao au nifuate nyuma.

Baba mkwe anaita tena.