Viti Vilivyokuwa Ngomani

Rahaleo, Mtwara
Januari 2003

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Mihogo uliyotuma imefika. Bado tumejibanza kwa shemeji, na watoto wanaendelea kukohoa tangu nyumba iungue.

Jana yule mpelelezi wa bima alirudi. Aliuliza imekuwaje nyumba ikaungua siku ambayo viti, magodoro na masufuria yangu mazuri havikuwamo ndani. Nikamwambia viko Kilambo kwa dada yangu, alikuwa anamtoa mwali, na huku kwetu ngoma ya mmoja huchezwa kwa vyombo vya wote. Yeye si mtu wa huku. Akatabasamu, akasema, "Mama, moto wenu una adabu sana." Baba Hemedi aliinuka akatoka nje.

Huenda akaja kwako. Usimfiche kitu. Mwambie ukweli, ingawa ni huohuo uliotuponza.

Nimesikia mwanao alicheza vizuri, wazee wakamsifu. Nimefurahi, dada.

Uliniambia utarudisha vyombo Jumamosi. Usihangaike kutafuta gari. Hakuna mlango wa kuviingiza.

Mdogo wako,
Somoe