Hereni za Mama Mkwe Kwenye Chandarua

Jumamosi

Na mimi nilijiona fundi wa kutunza hereni! Nilizitundika zote kwenye chandarua, jozi kwa jozi, upande wangu wa kitanda, zisikwaruzane, nami nizitazame hadi nisinzie. Masanja, mume wangu mtamu, akasema sasa tunalala dukani. Nikamwambia hajui mapenzi.

Leo asubuhi moja haipo. Tena ya mama mkwe, aliyoivua sikioni mwake siku ya harusi akanivika mbele ya ukoo mzima! Nimekung'uta shuka, nimeinua godoro, nimelia. Kesho kanisani ataniona bila hereni zake, aseme nimedharau zawadi. Ndoa yenyewe bado mbichi, halafu...

Mchana Masanja akapiga simu kutoka kwao Buzuruga, anacheka. Alipita kumsalimia mama yake, na alipogeuka tu akaulizwa, "Wewe, hereni yangu inafanya nini mgongoni kwako?"

Sweta lake liliinasa alipoinama ndani ya chandarua kunibusu! Amezunguka nayo huku kwetu Mkuyuni nzima, maskini mpenzi wangu.

Nikaomba kuongea na mama.

"Shikamoo mama. Nisamehe, nilizitundika kwenye chandarua."

"Marahaba. Kwenye chandarua?"

"Ili nizione kabla sijalala."

Nikajua nimekwisha.

"Basi mwanangu, kila jozi ifunge kwenye kitambaa chake," akasema, na nikasikia anacheka. "Na huyu mumeo, uwe unamkung'uta kabla hajatoka."