Maji Niliyomwaga Nyuma Yako

Mwanangu Alpay,

Nakusalimu mimi mama yako, anakusalimu bibi yako Hacer, dada yako Nilgun na mumewe, jirani Sidika, na hata paka. Sote wazima. Achari ya kabichi imeiva. Naandika kwa sababu kocha amewachukulia simu mpaka mashindano yaishe.

Siku ulipoondoka nilimwaga maji nyuma ya gari, kama kawaida yetu, ili urudi upesi. Bibi naye, bila kujua, akamwaga ya kwake. Sidika akacheka: "Wee Munevver, mara mbili? Huyo atarudi nusu nusu!"

Tangu hapo kizingiti hakikauki. Asubuhi nakuta nyayo za maji zimeingia, zinazotoka hakuna. Ghalani, zile pete za jimnastiki marehemu baba yako alizokufungia darini ujining'inize zinabembea zenyewe, zina ule unga mweupe mnaojipaka viganjani msiteleze. Nilizishika, zina joto. Bibi akaniuliza, "Alpay karudi, mbona humpi chai?" Mungu anisamehe, nikaiweka. Glasi niliikuta tupu.

Mwanangu, naogopa nusu yako iko huku, na Jumapili utaning'inia kwenye pete kwa nusu iliyobaki, na lile bega bovu. Ukijihisi mwepesi kuliko siku zote, usipande. Mwambie kocha mama kakataa.

Nijibu upesi, kwa mkono wako mwenyewe. Kila jioni naandaa sahani yako, na aliyeketi hapo hainui uso.

Mama yako,
Munevver