Bodi ya Pampu ya Haneti

Jumatatu, 8 Septemba

Taa ya bodi bado haiwaki. Tangu asubuhi. Kila nikifuta vumbi mezani, upepo wa mtaa wetu hapa mjini, Area D, unalirudisha. Bodi ya kwanza, kibao cha chipu na nyaya, niliiunguza jana. Hii ya pili inanitazama tu.

Kuna mfumo endeshi mdogo, wa bure, uliotengenezwa na watu nisiowajua. Kazi yake ni kugawa zamu ndani ya chipu: la dharura linapita mbele, mengine yanasubiri. Haukuandikwa kwa ajili ya chipu yangu, kwa hiyo nauhamisha mwenyewe, kipande kwa kipande. Ukikubali, utaendesha pampu ya kisima cha kijiji cha Haneti. Maji yakishuka kisimani, pampu izimwe papo hapo. La sivyo inaungua, na pampu ni hiyo moja.

Boksi la zamani lililoendesha pampu limekufa. Waliolitengeneza wamefunga kampuni, na programu yake imefungwa, hakuna anayeweza kuigusa. Kina mama wa Haneti wamerudi kuchimba mchanga korongoni kutafuta maji. Joel, niliyesoma naye chuo, ndiye aliyewauzia lile. Sasa anataka kuwauzia jingine, limefungwa vilevile. Mama Ndahani, mwenyekiti wa kamati ya maji, kanipa mpaka mkutano wa tarehe 27.

Haya. Tutaonana.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeipata! Chipu si ile iliyoandikwa juu yake. Huko zilikotoka wamekwangua jina la kweli wakachapa la nyingine yenye sifa sokoni. Muda wote huu nasoma kitabu cha chipu ambayo sina. Nimetukana peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Saa ya ndani ya hii inakwenda taratibu kuliko nilivyodhani. Nikarekebisha. Nikawasha. Taa mbili, kila moja na mwendo wake, hakuna inayomwingilia mwenzake. Maana yake zamu zinagawanywa. Nimecheza mwenyewe chumbani.

Waliokwangua hilo jina hawanijui.

Ijumaa, 12 Septemba

Kaka Idi alikuja baada ya swala. Kala ugali na mlenda wangu, kanawa, ndipo akaanza. Eti kuna nafasi ofisini kwao serikalini, Mtumba, niache kuchezea nyaya, umri unakwenda. Nikamsikiliza kwa heshima, ni kaka yangu. Kisha nikamwambia sitaki. Akauliza sitaki nini hasa. Nikasema sitaki watu wetu wakae na kiu wakisubiri mtu wa mbali aje kuwafungulia boksi. Akasema hayo si majibu. Kaondoka amenuna.

Imeniuma. Lakini siendi.

Jumanne, 16 Septemba

Ndoo mbili uani, pampu ndogo katikati. Moja ndiyo kisima, nyingine ndiyo tenki. Leo nimeitega kwa kila hila. Nimekata maji ghafla, nimechomoa waya wa tenki, nimeipa kazi zote kwa pamoja. Kila mara pampu inazimika kabla sijainua macho.

Imekomaa. Naipeleka.

Alhamisi, 18 Septemba

Haneti. Nimefunga bodi mchana, jua la utosi. Maji yakatoka! Vigelegele. Mama mmoja kanimwagia kikombe kizima kichwani, ndiyo asante yake. Ng'ombe walisikia maji wakaanza kusukumana kwenye birika kabla hata halijajaa.

Nimerudi mjini najisikia mrefu.

Ijumaa, 19 Septemba

Mama Ndahani kapiga simu asubuhi. Pampu haikuwaka. Nikamwomba azime swichi, awashe. Ikaenda. Nikasema labda waya umelegea.

Jumamosi, 20 Septemba

Kapiga tena. Vilevile. Ukizima na kuwasha, inaenda mpaka jioni. Ukiiacha yenyewe, asubuhi unaikuta maiti.

Joel kasikia. Kaniandikia: "Zuhura, hiyo ni ya kupeleka kwenye maonyesho. Waache watu wanywe maji." Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Hapa nyumbani nina bodi nyingine kama ile; nazima, nawasha, nazima, nawasha. Kila mara inaamka bila neno. Nina aibu. Hasira nazo ninazo, tena nyingi kuliko aibu. Kesho nakwenda kulala kulekule.

Jumatatu, 22 Septemba

Jana nimelala kwa Mama Ndahani. Leo kabla hakujapambazuka nilikuwa nimechuchumaa mbele ya boksi, shuka begani, mita ya umeme mkononi. Baridi. Mama Ndahani kaketi pembeni kwenye kigoda.

Haneti hakuna betri. Paneli za sola zinaleta umeme moja kwa moja kwenye boksi. Mbingu ikaanza kupauka. Taa nyekundu ya bodi ikajitokeza hafifu, kama kaa chini ya majivu. Namba za mita zikawa zinapanda kwa kujivuta. Na hapo nikaiona. Chipu inaamka kabla haijapata nguvu. Inaanza kazi, inapotea njiani, inaganda. Jua likija kamili inakuwa imeshachanganyikiwa, na haijui hata kwamba imechanganyikiwa.

Kwangu nabonyeza swichi, umeme unakuja wote kwa mpigo. Hapa swichi ni jua. Nimezaliwa na kukulia chini ya jua hili, nikasahau kwamba huwa linachomoza! Nimecheka hadi Mama Ndahani akadhani naumwa.

Chipu ina mlinzi wake wa ndani, wa kuishikilia isiamke mpaka umeme utoshe. Inatoka kiwandani mlinzi akiwa amezimwa. Na mfumo niliouhamisha haukujua kumwasha, kwa sababu mimi sikuufundisha. Mistari michache tu. Nimeiandika kompyuta ikiwa magotini.

Sasa, kujaribu. Nisubiri alfajiri nyingine? Sikuwa na subira hiyo. Mama Ndahani kaingia ndani, katoka na turubai la kuanikia mtama, kaita majirani wawili. Tukafunika paneli, kukawa usiku. Kisha wakaanza kulivuta turubai.

"Taratibu, mama," nikamwambia, "jua halina haraka."

"Hata mimi sina," akajibu.

Pampu ikawaka. Tukafunika tena, tukavuta tena, pole pole zaidi. Ikawaka. Tukalichomozesha jua tena na tena mpaka mikono ikatuuma, na kila mara ikawaka. Ndipo tukanywa chai.

Jumamosi, 27 Septemba

Mkutano. Joel kaja na boksi jipya ndani ya nailoni, kalipanga mezani kama keki. Kazungumza vizuri, sitamnyima hilo. Mwisho akageuka upande wangu.

"Zuhura akiolewa huko Arusha, hili lake atalielewa nani?"

Ya kuolewa ni upuuzi wake. Ila swali ni swali, na usiku mzima nilikuwa nalo.

Mama Ndahani hakunyanyuka hata kwenye kiti. "Na lako lilipokufa, Joel, tulimpata nani?"

Watu wakaguna. Nikasimama. Nikaweka kadi ndogo ya kumbukumbu mezani. Nikasema programu yote imo humo, mstari kwa mstari, na maelezo kwa Kiswahili nilipoweza. Nakala nyingine iko mtandaoni, kwa wale waliotengeneza ule mfumo, na kwa yeyote duniani mwenye chipu kama hii. Sikufunga kitu. Hata Joel akitaka aichukue. Nikamsogezea kadi. Hakuigusa.

Mikono ya walioitaka bodi yangu ikanyooshwa. Mama Ndahani akahesabu mara moja tu, haikuhitaji mara mbili. Boksi la Joel limerudi mjini ndani ya nailoni yake.

Jumapili, 28 Septemba

Nimeamka giza bado lipo. Mazoea. Nikaweka simu mezani, kando ya bodi iliyoungua, nikakaa nisikilize kama Mama Ndahani atapiga.

Nje pakapauka, kisha pakawa pekundu. Upepo uleule. Nikawa namwona yule mlinzi kule Haneti, kaishikilia chipu, bado, bado kidogo. Jua likagusa bati la jirani, likashuka ukutani, likaingia mpaka mezani, juu ya vumbi.

Simu haikulia. Nikaingoja kidogo zaidi, kisha nikaenda kuchemsha chai.