Manyoya ya Bosi

Kigongo, Jumapili

Mpwa wangu Winnie,

Shikamoo yako muuza samaki ameifikisha, marahaba. Sisi wazima, isipokuwa jogoo wa jirani, ambaye bado anawika saa anazozitaka yeye.

Sasa habari za mbwa. Tangu siku ile ulipoteleza ukammwagia Bosi mafuta ya kukaangia, na bibi yako akakufukuza akisema, "Usikanyage hapa mpaka manyoya yake yaote!", nimekuwa nikilichunguza lile kovu. Pembeni yameota machache, tena meupe. Katikati ni ngozi tupu. Mimi si daktari wa mifugo, lakini ng'ombe waliopigwa chapa nimewaona wengi. Palipoungua hivyo hapaoti kitu.

Jana bibi yako akaniita uani. "Machibya, njoo uone, yameota!"

Nikatazama. Mgongo wote mweusi tii.

"Kweli yameota, mama," nikasema.

"Basi mwambie yule mtoto. Mimi simwambii, atadhani namlilia."

Kulia amelia, ila hupenda kusingizia moshi.

Leo nikijiandaa kwenda kanisani, nilikuta kopo langu la dawa ya viatu limekombwa mpaka chini. Sikuuliza. Nimesali na viatu vyenye vumbi.

Kwa hiyo funga mzigo huko Mabatini urudi nyumbani, mwanangu, kabla mvua haijanyesha. Ukifika, yasifu manyoya kwa sauti bibi asikie, ila Bosi usimpapase mgongoni.

Mjomba wako,
Machibya