Kumrudisha Oshum Mtoni

Cachoeira, Bahia
3 Machi 1974

Mdogo wangu Lindaura,

Salamu nyingi, na wanao nibusie. Mimi mzima, mikono inanuka tumbaku kama kawaida, kiwanda cha sigara hakijanichoka. Mama ndiye hali yake si nzuri. Miguu imejaa maji. Daktari akija anaandika dawa na kuondoka bila kututazama usoni.

Kilingeni kwake hakujapigwa ngoma tangu Krismasi. Anakaa mlangoni, wapita njia wanamwomba baraka, naye anawauliza kama wamekuona. Jana kaniambia, “Mwandikie Lindaura aje. Na huyo mumewe mlokole mwambie mimi sili watu.” Akacheka mpaka akakohoa.

Njoo, mdogo wangu.

Dada yako,
Dejanira


São Paulo
29 Machi 1974

Dada mpenzi,

Shikamoo, na kwa mama pia. Barua yako niliisomea chooni, nikalia humo humo.

Nilimwambia Gesse. Akasema, “Mama yako ni mama yako, nenda. Lakini ukivuka kizingiti cha kile kilinge, usiniletee mambo yake humu ndani.” Usimwone mbaya, dada. Tangu aokoke hajagusa pombe wala kuniinulia mkono. Watoto wanalala bila kushtuka. Nikiivuruga amani hii, nitawajibu nini?

Nawatumia dawa na shali. Mwezi wa sita nitapata likizo, nitakuja. Mwambie anisubiri.

Mdogo wako,
Lindaura


Cachoeira
12 Mei 1974

Mdogo wangu,

Telegramu yako ya pole tuliisoma pale pale kaburini, mvua inanyesha, wino ukatiririka. Mama alijaribu kukusubiri. Alishindwa.

Sasa nikueleze yaliyofuata. Mzee Ambrosio, baba wa kilinge cha Muritiba, ndiye aliyekuja kumfungua mama na mizimu yake, maana kilinge chenyewe hakiwezi kumfungua mwenye nacho. Vyombo vya mama vikaletwa kimoja kimoja, akatupa kauri kuuliza kipi kinamfuata marehemu na kipi kinabaki. Karibu vyote vilitaka kwenda. Tukavivunja. Chungu cha Oshum, mzimu wake wa mtoni, kikakataa.

Ambrosio akauliza Oshum anamtaka nani amrithi mama. Akanitaja mimi kwanza, kwa heshima tu. Kauri zikakataa. Akakutaja wewe, zikakubali. Akatupa tena, zikakubali tena.

Sikufichi, niliumia. Nimefagia pale tangu sijaota matiti. Kuku nimechinja mimi, kunde nimepika mimi, mama nimemwosha mimi. Lakini mimi nilizaliwa wa kuwafuta jasho waliopandwa. Mwenyewe sijapandwa hata siku moja. Wewe ndiye uliyenyolewa kichwa ukiwa mtoto. Wewe ndiye kiti cha Oshum.

Ningeweza kunyamaza, usingejua. Nimekuandikia. Njoo ukalie nafasi ya mama. Nitakupikia, nitakufulia, na mbele za watu nitapiga goti nikuite mama.

Dada yako,
Dejanira


São Paulo
20 Agosti 1974

Dada,

Shikamoo. Najua ulingoja jibu mpaka ukachoka. Nilidhani nikikaa kimya jambo hili litajifia lenyewe.

Jumapili iliyopita tulikuwa kanisani, katikati ya wimbo, miguu ikaniisha nguvu. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, wanaume wamenikandamiza kichwa, mchungaji ananikemea sikioni, “Toka, pepo mchafu, toka.” Gesse alikuwa amenishika miguu, analia. Wananiambia nilikuwa nacheza polepole kati ya mabenchi, huku nanawa uso kwa viganja kama mtu aliye mtoni. Wewe unajua ni nani.

Noemi wangu hataki tena nimsuke nywele. Nikimsogelea anajikunja. Gesse hajanisema, ila juzi alirudi ananuka pombe.

Siwezi, dada. Mwambie aniache. Kama kuna njia ya kumwachia aende, ifanye, wala usiniulize mara ya pili.

Mdogo wako,
Lindaura


Cachoeira
15 Septemba 1974

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Sikukuuliza mara ya pili.

Mzee Ambrosio alinigomea nilipomwomba tumrudishe Oshum mtoni. “Huko ni kukifunga kilinge, Dejanira. Hapatapigwa ngoma pale tena.”

Nikamwambia najua.

“Na yeye huyo anajua anachoomba?”

“Anaomba watoto wake wasimwogope.”

Akaitafuta kofia yake. Tukaenda.

Tulimpikia kwanza kunde zake na mayai, maana hafukuzwi mtu na njaa. Jumamosi asubuhi tukateremka mto Paraguasu, juu kidogo ya daraja, wanapofulia wanawake. Waliponiona na chungu kichwani waliacha nguo zao kwenye mawe, wakasimama. Hakuna aliyeuliza. Niliingia mpaka maji yakafika kiunoni. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, yote yakanipotea, nikamwambia tu, “Mama, amechoka. Mwache.” Nikakimimina chungu, mawe yake yakazama mara moja. Bangili za shaba ziling'aa kidogo chini ya maji, kisha sikuziona. Ambrosio alinishika mkono kunitoa, kwa sababu sikuwa natoka.

Kilinge nimekifunga, nimepanga chumba karibu na kiwanda. Watu bado wanakuja asubuhi kuomba baraka za mama, wanakuta kufuli.

Sikulaumu. Ila usiniandikie upesi. Nipe muda.

Dada yako,
Dejanira


São Paulo
9 Desemba 1974

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekupa muda, na ukiona bado, barua hii iweke usiisome.

Sisi hatujambo. Gesse ameacha tena pombe. Noemi siku hizi analeta kitana mwenyewe, anakaa katikati ya magoti yangu. Mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa akasema nimefunguliwa, watu wakapiga makofi. Nilikushukuru wewe moyoni, sikuweza kukutaja. Kichwa changu ni chepesi, kama cha mtu aliyetoka kwenye homa.

Jana nilikuwa natoka sokoni. Kuna kilinge mtaa wa nyuma, cha watu wa kwetu Bahia. Siku zote nilikuwa nazunguka mbali, kwa sababu nikisikia ngoma zao magoti yalikuwa yananilegea. Jana walikuwa wanampigia yeye, mdundo wake ule wa polepole. Sikuzunguka. Nilikwenda mpaka getini. Nikaweka kikapu chini, nikavua viatu, nikasimama juu ya saruji nikasubiri.

Ngoma zikapigwa, zikapigwa. Miguu ilikuwa miguu tu, dada. Jua lilikuwa linaniunguza nyayo.

Akatoka mama mmoja wa nguo nyeupe, akaniona. “Karibu ndani, binti. Unamtafuta nani?”

Nikamwambia simtafuti mtu. Nikavaa viatu vyangu.

Mdogo wako,
Lindaura